Baba anaganda mlangoni: tuuze kiwanja kwa ajili ya tiba ya sumaku?

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 34, naishi Tanga na wazazi wangu. Baba ana miaka 68. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, mtu wa kutembea kwa miguu kila aendako. Miaka minne iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa tu. Majirani walisema mengi, wapo waliosema karogwa, tukazunguka kwa waganga mpaka kiinua mgongo chake kikayeyuka. Mwishowe daktari bingwa Dar es Salaam alituambia ni ugonjwa wa Parkinson, akaandikiwa vidonge vya levodopa na kabidopa, kutwa mara tatu. Mkono ukatulia, tukamshukuru Mungu.

Sasa shida imehamia miguuni. Tangu mwaka jana baba anaganda. Anatoka chumbani vizuri, akifika kwenye mlango wa kwenda uani miguu inanasa sakafuni. Kifua kinakwenda mbele, miguu imebaki pale pale, magoti yanatetemeka. Mimi humshika mkono nikamvuta, mama anamwambia "tembea, baba, tembea", na kadiri tunavyomhimiza ndivyo anavyozidi kukwama. Ameshaanguka, na safari moja alipasuka juu ya jicho. Msikitini ameacha kwenda, hata Ijumaa, kwa sababu pale mlangoni watu wanavua viatu na kusongamana, naye anaganda katikati ya njia huku wengine wakimsukuma kwa nyuma. Hilo linamuumiza kuliko maradhi yenyewe.

Kaka yangu mkubwa yuko Muscat kikazi. Ametutumia video ya mzee mmoja wa Kizungu aliyevalishwa kitu kichwani, na baada ya muda mfupi anatembea ukumbi mzima bila fimbo. Kaka anasema tuchague moja: tuuze kiwanja cha baba kilichopo Pongwe apelekwe India akapigwe sumaku ya kichwa kwa wiki nne, au yeye anunue mtandaoni mashine ndogo ya umeme, yenye mkanda na sponji mbili, nimfungie baba hapa hapa nyumbani. Baba hataki kiwanja kiuzwe. Mama analia. Kaka anasema nikisita nitakuwa nimemzuia baba kupona.

Na vidonge vile vinamtibua tumbo, kwa hiyo anavimeza akiwa ameshiba, na duka la dawa la hapa mtaani lilimpa dawa ya kuzuia kichefuchefu ambayo anaendelea nayo mpaka leo.

Naomba uniambie ukweli, mama. Hii tiba ipo au tunaibiwa?

Binti wa Chumbageni

*

Marahaba mwanangu, na poleni nyumba nzima. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, hospitalini kwa miaka mingi, na nimesimama na wazee wengi kwenye milango kama huo wa kwenu. Kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: kiwanja kisiuzwe, na mashine ya mkanda isinunuliwe. Yapo mambo ya kumfanyia baba kuanzia wiki hii, na mengi hayagharimu kitu. Lakini kaka yako anahangaika kwa mapenzi, hastahili kujibiwa "hapana" kavu. Tuanze na hiyo video yake.

Tiba ipo, haijabuniwa na matapeli. Ile ya sumaku ilianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, pale Anthony Barker na wenzake walipoonyesha kwamba koili, yaani waya uliozungushwa, ikiwekwa juu ya kichwa na kupitishiwa umeme wa ghafla, nguvu ya sumaku inavuka fuvu bila kupasua chochote na kuziamsha seli za ubongo zilizo chini yake. Ikiwekwa juu ya eneo linaloongoza mkono, vidole vinaruka vyenyewe. Mapigo hayo yakirudiwa kwa mamia, siku baada ya siku kwa wiki kadhaa, seli zinaweza kubaki na wepesi fulani wa kuitikia hata mashine ikishazimwa. Marekani iliidhinisha mashine hiyo mwaka 2008 kutibu sonona. Kwa Parkinson haijaidhinishwa huko, achilia mbali kuganda kwa miguu. Ile ya sponji ni umeme mdogo sana, kwa kawaida miliampea 1 hadi 2 kwa dakika kama 20, unaopita kati ya sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi. Huo hauziamshi seli kwa nguvu, unazisogeza tu karibu na kuamka.

Je, zinamsaidia mtu kutembea? Ya sumaku ina matumaini fulani. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Amerika Kaskazini uliohusisha wagonjwa 61. Waliopigwa sumaku ya kweli juu ya eneo la mwendo walikuwa na nafuu kubwa kidogo mwezi mmoja baadaye kuliko waliowekewa mashine ya kuigiza. Lakini nafuu hiyo ilipimwa kwa kipimo cha jumla cha mwili, yaani kukakamaa kwa misuli, viungo kuwa vizito, mtetemeko na kadhalika. Kuganda mlangoni ni shida ya peke yake, na juu yake tafiti za sumaku bado zinapingana.

Ya umeme ndiyo ningependa kaka yako aisikilize vizuri kabla hajatoa kadi ya benki. Mwaka 2018 watafiti waliwajaribu wagonjwa 20 wanaoganda, wakapitisha umeme kwenye maeneo mawili ya ubongo kwa pamoja, na mara baada ya hapo kuganda kukapungua. Habari njema, na video kama ile ya kaka yako huzaliwa katika siku kama hizo. Watafiti wakafanya lililo sahihi: wakarudia kwa watu wengi zaidi, 77, na kwa wiki nyingi badala ya siku moja. Matokeo yalipotoka mwaka 2021, waliopata umeme wa kweli hawakuwa na nafuu ya kuganda kuwazidi waliofungwa mkanda usio na umeme. Hao walioufanya ni watu wenye vifaa vya maabara na wanaojua sponji ikae wapi. Kama kwao haikufua dafu, wewe peke yako sebuleni na mashine ya kuagiza utafanya nini? Sponji ikikauka inaunguza ngozi. Na kama mtu ana chuma kichwani, kifaa cha moyo au historia ya kifafa, basi umeme na sumaku vyote visiguswe bila daktari.

Sisemi mzee wa kwenye video anaigiza. Alitembea kweli. Ila mgonjwa wa Parkinson anaweza kutembea vizuri kwa sababu kidonge chake kimekolea saa hiyo, na anaweza kutembea vizuri kwa sababu anaamini kwa moyo wote kwamba ametibiwa. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Canada, walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mgonjwa wa Parkinson akichomwa sindano isiyo na dawa huku akitarajia dawa, ubongo wake mwenyewe humwaga dopamini, kemikali ya ubongo inayowapungukia wenye Parkinson. Nafuu ile ni ya kweli mwilini, lakini haidumu, na ndiyo maana tunahitaji kundi la kulinganisha kabla ya kumwambia mtu auze ardhi yake. Hata sumaku inapofanya kazi, nafuu yake hupungua baada ya wiki au miezi, na seli za ubongo zinazokufa kwa Parkinson zinaendelea kufa. Baada ya kiwanja cha Pongwe mtauza nini?

Ikitokea siku moja hospitali ikamwalika baba kwenye utafiti wa mashine hizi, msikilize. Utafiti wa halali una kibali cha maadili, kwa hapa kwetu hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kamati inayotambuliwa nayo, una fomu ya ridhaa ya kusoma na kuelewa, na haumdai mgonjwa fedha za matibabu hayo. Anayekudai mamilioni kwa jambo ambalo bado linajaribiwa hakufanyii utafiti. Na kama atatokea wa kuwatajia upasuaji wa kupandikiza nyaya ndani ya ubongo, hilo ni jambo jingine kabisa, na kuganda kusikosikia dawa kwa kawaida hakusikii upasuaji huo pia.

Sasa nirudi kwenye sentensi yako ya mwisho mwisho, ile ya dawa ya kichefuchefu. Nilipoifikia nilisimama. Leo hii itafute pakiti yake usome jina. Kama imeandikwa metoklopramaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, mpigie daktari wa baba kabla ya kufikiria India. Dawa hiyo inazuia dopamini ndani ya ubongo, na dopamini ndiyo inayompungukia baba, ndiyo anayoimezea vidonge kila siku. Inaweza kumfanya mtu mzima asiye na Parkinson akakamae, sembuse yeye. Zipo dawa nyingine za kichefuchefu ambazo haziingii sana kwenye ubongo, na daktari atachagua baada ya kuuliza habari za moyo wake. Usikisie mwenyewe dukani.

La pili ni hilo la kumeza vidonge akiwa ameshiba. Levodopa inanyonywa utumboni kwa njia ile ile inayopitisha protini, kwa hiyo ikikutana na samaki, maharage, nyama au maziwa, inasubiri foleni. Kidonge kinachomezwa juu ya wali na samaki kinaweza kuchelewa au kufika kikiwa hafifu. Kwa kawaida tunashauri kimezwe kama nusu saa kabla ya kula, au saa nzima na zaidi baada ya kula. Tumbo likikataa, mpe kipande kidogo cha muhogo wa kuchemsha au biskuti kavu, vitu visivyo na protini ya kutosha kugombana na dawa. Idadi ya vidonge msiibadilishe wenyewe, na msiviache ghafla hata siku moja. Kuacha ghafla ni hatari.

Chukua daftari la shule, andika saa ya kila kidonge na saa ya kila kuganda. Mrekodi kwa simu akipita mlango ule kabla ya kidonge, kisha tena saa nzima baada yake. Kuna kuganda kunakotokea kwa sababu dawa imeisha mwilini, na hapo daktari akipanga upya saa au kiasi cha dawa, miguu hufunguka. Kuna kunakotokea hata dawa ikiwa imekolea, na huko kuongeza vidonge hakusaidii. Bila hizo video daktari anabaki kubahatisha, maana mgonjwa akifika kliniki mara nyingi hutembea vizuri kuliko nyumbani. Wengi nimewaona hivyo.

Nije kwenye mlango wenyewe. Acha kumvuta. Kifua kimeshatangulia, ukivuta mkono unakiongezea mwendo huku miguu imebaki, na ndipo anapoanguka. Mama naye aache kumhimiza, kwa sababu haraka na wasiwasi ni katika mambo yanayoamsha kuganda, pamoja na mahali pembamba, kugeuka na kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Akiganda, simameni wote. Avute pumzi. Ahamishe uzito polepole kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kushoto, kulia, mpaka mguu mmoja uwe mwepesi, kisha atoe hatua moja kubwa. Wewe kaa ubavuni kwake upande anaoegemea kuanguka, mkono wako ukiwa tayari mgongoni, na unyamaze.

Kisha mpe kitu cha kuvuka au mdundo wa kufuata. Mtu mwenye afya hatembei kwa kuwaza, maeneo ya ndani ya ubongo yanaendesha hatua zenyewe, na maeneo hayo yanategemea dopamini. Mstari sakafuni au mlio wa nje unamfanya mgonjwa atembee kwa kukusudia kila hatua, na ubongo unatumia njia nyingine kufika miguuni. Bandika tepu ya rangi inayoonekana kwenye sakafu yenu, mistari ya kukatiza njia, kuanzia hatua kadhaa kabla ya mlango hadi upande wa pili, mstari na mstari uachane kwa urefu wa hatua yake nzuri, pengine karibu nusu mita. Macho kwenye mstari unaofuata, mguu juu ya mstari. Ondoa mkeka na kapeti ya karibu na mlango, na kandambili abadilishe na viatu vinavyoshika kisigino.

Mdundo nao umepimwa hapa hapa nchini. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye Parkinson, na wengi waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Hawa hawakuwa na dawa kabisa. Baadhi yao wakafundishwa kutembea kwa kufuata ishara za mdundo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha hatua zao zimerefuka na mwendo umeongezeka, hata walipotembea huku wakifanya jambo jingine. Hebu fikiria, wazee wa vijijini, wasio na kidonge hata kimoja. Kila ninaposikia familia inakopa kwa ajili ya mashine ya ng'ambo, nawakumbuka hao.

Baba ni mwalimu. Bila shaka amewaongoza watoto mchakamchaka asubuhi nyingi, na mdundo wa "kushoto, kulia" uko ndani yake. Mwombe aimbe mwenyewe kwa sauti ndogo anapokaribia mlango, kabla hajaganda, siyo baada. Kama sauti yake imefifia, na Parkinson huwa inafifisha sauti, wewe hesabu, au weka kwenye simu programu ya metronomu, yaani ya kupiga mdundo wa sawasawa, nyingi ni za bure. Mlio uendane na mwendo wake wa kawaida akiwa vizuri, usizidi hapo. Akigeuka, azunguke kwa upana kama anayezunguka meza, asijipinde mahali pamoja. Na akiwa anatembea msimsemeshe. Salamu zisubiri mpaka akae.

Msitarajie kwamba akizoea mtaondoa tepu. Utafiti wa mwaka 2007 uliofanywa majumbani mwa wagonjwa 153 katika nchi tatu za Ulaya ulionyesha kwamba faida ya mazoezi ya namna hii hupungua sana wiki chache baada ya kuyaacha. Mistari ibaki, mdundo ubaki.

Kuhusu Ijumaa, usikubali aukose msikiti. Zungumza na imamu, au mtume kijana mmoja akazungumze naye. Afike mapema kabla ya msongamano, awekewe kiti mahali asipopita mlango mwembamba, atoke wa mwisho. Panga na daktari kidonge cha mchana kimezwe kama saa nzima kabla ya kutoka nyumbani. Viatu avulie akiwa amekaa. Waumini waelezwe kwamba akisimama ghafla asisukumwe wala asivutwe. Ni maradhi, na wakishaelezwa watu wetu huelewa, hata wale waliosema karogwa.

Kaka yako mpe kazi, maana anayelipa ng'ambo anataka kuona fedha yake inafanya kitu. Agharamie fiziotherapia ya kila wiki. Ahakikishe vidonge havikatiki, kwani levodopa hupotea kwenye maduka bila taarifa, kwa hiyo pawe na akiba ya miezi iliyoandikwa na daktari. Aweke vyuma vya kushikilia chooni na bafuni. Na kama bado moyo wake uko India, aiandikie hiyo kliniki aulize kwa maandishi: mmetibu wangapi wanaoganda, mlilinganisha na nani, nafuu ilidumu kwa muda gani, na ikirudi mnafanya nini?

Mkienda kliniki, nenda na daftari, video mbili na pakiti ya ile dawa ya kichefuchefu. Omba rufaa ya fiziotherapia iandikwe kwenye karatasi siku hiyo hiyo, na mtaalamu aje kuupima mlango wenyewe kama inawezekana. Kisha niandikie ile pakiti iliandikwa nini.